Wikendi ya kutazama ndege Gombe: kuondoka Kibirizi Ijumaa, kurudi Jumapili

Hifadhi ya Gombe haina barabara ya kuingilia. Kila anayekwenda anapita Ziwa Tanganyika kutoka Kibirizi, mwalo wa boti wa Kigoma, iwe ni kwa boti la abiria au la kukodi, na akishashuka mchangani Kasekela, kituo cha hifadhi kilicho ufukweni, mbele yake kuna ziwa na nyuma yake kuna ukuta wa milima. Wageni wengi huenda kwa ajili ya sokwe, wakapita chini ya ndege bila kuinua macho. Hifadhi ina zaidi ya aina 200 za ndege, na sehemu kubwa ya wale wa mwambao huonekana bila kupanda mlima hata hatua moja. Mtu wa Kigoma mjini, Ujiji au Mwandiga anaweza kuwafaidi kwa siku mbili na nusu, mradi apange safari yake kwa kufuata mwanga na upepo badala ya kufuata orodha ya majina.

Tuanze na mwanga, kwa sababu ndio unaoharibu wikendi za watu wengi. Mwambao wetu unatazama magharibi. Asubuhi jua linatokea nyuma ya milima, mgongoni kwako unapolitazama ziwa, hivyo kila ndege aliye juu ya maji anaonekana na rangi zake zote. Jioni jua lipo upande wa Kongo, linakupiga usoni, na ndege yeyote wa ziwani anakuwa kivuli cheusi tu. Lakini muda huohuo linamulika miteremko na vilele vya miti. Kwa hiyo asubuhi tazama ziwa, jioni geuka utazame mlima. Anayefanya kinyume chake anarudi nyumbani na orodha ya vivuli.

Jambo la pili ni saa. Sisi tupo magharibi kabisa ya nchi, na jua la Kigoma huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika kumi, kutegemea mwezi. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Arusha yanakuamsha kwenye giza. Tena pale Gombe milima inachelewesha jua: mchanga wa Kasekela hukaa kivulini muda mrefu baada ya mbingu kupambazuka. Hicho kivuli ni cha thamani. Hewa bado ina ubaridi, nyani hawajateremka wote, na ndege wanakula kwa bidii.

Kuchagua wikendi

Kuanzia Oktoba hadi Aprili wapo wageni kutoka Ulaya na Asia: kitwitwi wa mchangani, mbayuwayu kwa makundi, membe wenye mabawa meupe, shakwe wenye mgongo mweusi, na mara nyingine kipungu anayevua samaki peke yake. Ndiyo miezi yenye aina nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba ndiyo pia miezi ya mvua, njia za mlimani huteleza, majani ni mengi na ndege wa msituni hujificha. Kuanzia Juni hadi Septemba wageni wameondoka, lakini miti ya miombo imepukutisha majani na unaona vizuri. Shida inahamia ziwani, kwa sababu upepo wa kusini huvuma kwa nguvu katika miezi hiyo na mawimbi ya mchana si ya kuchezea. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, wikendi za Oktoba na Novemba ndizo tunazozipendekeza: wageni wameanza kufika na mvua kubwa bado hazijashika kasi.

Angalia pia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, maana taa haivuti samaki. Vichanja na michanga ya vijiji vya njiani ikikosa dagaa wa kuanika, mwewe, kunguru na yangeyange nao hupungua. Hali ni hiyohiyo wakati wa kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo ukipanga safari ya miezi hiyo ulizia kwanza hali ikoje. Kwa ndege wa hifadhini kwenyewe tofauti si kubwa, ila kwa ndege wa vijijini ni kubwa sana.

Mzigo

Darubini ni kitu cha kwanza, na kwa safari ya boti namba 8x42 inafaa kuliko 10x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji wa mara kumi unakuza pia mtikisiko wa mkono na wa boti, hadi ndege anarukaruka machoni. Halafu gawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, gawanya 42 kwa 10 unapata 4.2. Hayo ni milimita za mwanga unaoingia jichoni, na msituni kabla ya jua kuchomoza tofauti hiyo unaiona wazi. Darubini ndogo za 8x21 zinazouzwa kwa watalii zinatosha mchana mweupe mchangani, lakini chini ya miti zinakuwa giza.

Watu wengi hulaumu darubini kumbe hawajaipanga. Ipange nyumbani Alhamisi, usisubiri boti:

1. Ikunje katikati hadi miduara miwili unayoiona iwe mmoja.
2. Kama unavaa miwani, shusha vikombe vya mpira. Kama huvai, vipandishe.
3. Chagua kitu kisichosogea umbali wa mita 30 hivi, kama kibao chenye maandishi. Ziba lenzi ya kulia kwa kiganja (usifumbe jicho, maana ukifumba moja, la pili nalo linakaza). Zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lisome vizuri.
4. Ziba lenzi ya kushoto. Sasa usiguse gurudumu. Zungusha pete ya upande wa jicho la kulia tu, hadi nalo lisome.
5. Weka alama ya kalamu kwenye pete hiyo. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati peke yake.

Ukimwona ndege, usishushe macho kutafuta darubini. Mkazie macho palepale alipo, kisha leta darubini machoni. Anayetazama chini kwanza hupoteza dakika nzima kutafuta tawi.

Vitu vingine vibebe kwenye ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana. Ndoo haipitishi maji ya mawimbi, inatumika kama kiti mchangani, na nyani hawezi kuifungua haraka kama begi la zipu. Ndani yake weka daftari na penseli (wino hulowa), chaja ya akiba ya simu, tochi, dawa ya mbu, kofia, koti la mvua na kitambaa laini cha lenzi. Vumbi la lenzi lipulizwe kwanza ndipo ufute. Ukifuta mchanga unaichora. Nguo ziwe za rangi ya udongo au kijani kilichofifia. Nyeupe na nyekundu ziache mjini. Maji ya kunywa hesabu lita 3 kwa mtu kwa siku.

Kama unatumia programu ya simu ya kutambua ndege kama Merlin, pakua kifurushi cha ndege wa eneo letu ukiwa bado mjini. Mtandao wa huko si wa kutegemea.

Kibali, malazi na boti

Mawasiliano na hifadhi yafanyike mapema ndani ya wiki, si Ijumaa asubuhi. Malipo ya TANAPA hufanyika kwa namba ya kumbukumbu au kadi, si kwa kukabidhi noti getini, na namba hiyo ukiisubiri ukiwa pwani wakati mtandao umekatika utakaa hapohapo. Malazi ya Kasekela ni machache, uliza nafasi kabla ya kulipa nauli. Omba pia mwongozaji wa kutembea msituni na umweleze waziwazi kwamba unataka ndege, maana asipojua atakukimbiza mlimani kufuata sokwe, na mwendo wa kufuata sokwe na ule wa kutazama ndege havipatani kabisa. Wenye umri chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenye matembezi ya sokwe. Mwenye mafua au homa abaki nyumbani hata kama alikusudia ndege tu: njia ni zilezile, na maradhi yetu huua sokwe.

Boti za abiria huondoka Kibirizi mchana, kuanzia saa 6 hivi hadi saa 8, zikielekea vijiji vya kaskazini mpaka karibu na mpaka wa Burundi. Safari hadi Kasekela ni saa mbili hadi nne kutegemea injini, mzigo na vituo. Mtumishi wa ofisini itabidi aombe ruhusa ya nusu siku. Mwambie nahodha tangu mwanzo, na mkumbushe mkifika Mtanga, kwamba unashuka Kasekela. Usiposema utajikuta Mwamgongo, kijiji cha upande wa pili wa hifadhi, jua linazama.

Shida kubwa ni Jumapili. Boti za abiria kwa kawaida hupumzika siku hiyo, na zile za siku nyingine hupita Kasekela mapema asubuhi zikirudi Kibirizi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza usiku mmoja na kurudi Jumatatu alfajiri. Ya pili ni kukusanyika watu sita hadi wanane na kukodi boti la kuwafuata Jumapili, mkigawana gharama. Makubaliano ya njia ya pili yafanyike Kibirizi kabla ya kuondoka: saa ya kufika, mahali pa kuchukuliwa, nani ananunua mafuta. Lipa sehemu tu, nyingine mkifika.

Boti la kukodi likague kwa macho yako. Kuwe na jaketi okozi kwa kila mtu, na livaliwe, lisikaliwe. Kasia mbili. Kopo la kukumbia maji. Plagi ya akiba na spana yake, kwa sababu plagi iliyolowa mafuta ndiyo sababu ya kawaida ya injini kugoma katikati ya ziwa. Mafuta yahesabiwe kwa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja lisiguswe. Na ukiona ubao wa boti la abiria umebakiza chini ya urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole juu ya maji, subiri linalofuata. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na kinaanza kushuka karibu sana na ufuko.

Ijumaa mchana: kaa kulia

Boti linaelekea kaskazini, kwa hiyo ufuko uko mkono wako wa kulia na jua la mchana linatoka kushoto. Kaa kulia. Ufuko wote unamulikwa, na hayo masaa ya safari ni sehemu ya kutazama ndege, si ya kusinzia. Kwenye vijiji kama Kalalangabo na Kigalye tazama mchanga wa dagaa: mwewe wanapita chini kwa chini kunyakua, kunguru wenye kifua cheupe wanasubiri juu ya mapaa, yangeyange wanatembea katikati ya watu. Kwenye miamba isiyo na nyumba tafuta mnandi waliotandaza mabawa ili yakauke. Mnandi mdogo ana mkia mrefu na macho mekundu; mkubwa ana kifua cheupe kinachoonekana mbali.

Usijaribu kutumia darubini mfululizo ndani ya boti. Utapata kichefuchefu. Tafuta kwa macho matupu, kisha inua darubini kwa sekunde kumi, shusha. Viwiko viegemee mapajani, visiguse ubao wa boti, maana ubao unapeleka mtetemo wa injini moja kwa moja kwenye lenzi.

Ukishashuka na kuandikishwa, itakuwa karibu saa 10 jioni. Mwanga umegeukia mlimani. Kaa tu eneo la mapokezi. Hapo chini, katikati ya majani makavu, hurukaruka kindege mdogo ambaye kwingine utamtafuta vichakani siku nzima bila kumpata: Hypargos niveoguttatus. Dume ana koo na kifua chekundu kilichoiva, na tumbo jeusi lenye madoa meupe ya mviringo yaliyopangwa vizuri. Jike ana uso wa kijivu. Hapa wamezoea watu na hukaribia hadi hatua chache. Usimrushie ugali. Ndege aliyezoeshwa makombo huvuta nyani, na nyani aliyezoea makombo atavunja mlango.

Jumamosi

Ufike ufukweni saa 12 na nusu. Chagua mahali ambapo kijito kinaingia ziwani, ukae juu ya ndoo yako hatua kama 20 kutoka majini, mgongo ukiegemea mti au jiwe. Kisha usitembee kwa nusu saa. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu mwenye siku mbili tu, na ndilo lenye faida kuliko yote. Ndege wa mwambao wana vituo vyao: tawi lilelile, jiwe lilelile. Ukipita wanaondoka, ukikaa wanarudi. Uliza ofisini sehemu gani ya ufuko unaruhusiwa kukaa bila mwongozaji.

Mdiria mweusi-mweupe (Ceryle rudis) ndiye atakayeanza. Husimama hewani juu ya maji, mwili umenyooka, mdomo umeelekezwa chini, mabawa yanapiga kasi mno, kisha anajitosa. Tazama kifuani anaporudi na samaki: mikanda miwili myeusi ni dume, mmoja uliokatika katikati ni jike. Atampigapiga samaki kwenye tawi kabla ya kummeza, akimgeuza ili kichwa kitangulie, miiba isimkwame. Mdiria mkubwa kuliko wote, Megaceryle maxima, hana papara. Anakaa kwenye tawi linaloning'inia juu ya kijito. Kwake rangi ya kahawia ikiwa kifuani ni dume, ikiwa tumboni ni jike.

Kwenye mchanga wenyewe, Oktoba hadi Aprili, utamwona kitwitwi (Actitis hypoleucos) akitembea peke yake ukingoni mwa maji, mkia ukipanda na kushuka bila kupumzika. Akiruka hupita chini, karibu aguse maji, kwa mapigo mafupi ya mabawa yaliyokaza. Fundichuma naye hupenda midomo ya vijito. Rangi yake ni ya udongo mtupu na kisogo kimechongoka. Akikuonyesha njia ya kiota chake, kitazame kwa mbali: rundo kubwa la vijiti kwenye panda ya mti, lenye paa, na tundu la kuingilia lililosakafiwa kwa matope.

Sasa tufike kwa wawili wanaochanganywa karibu na kila mtu. Kwazi, yule mla samaki anayerudisha kichwa nyuma na kupiga ukelele unaovuka ghuba nzima, na tumbusi wa michikichi, Gypohierax angolensis. Wote wana weupe mwingi, wote hukaa kwenye miti ya ufukweni. Usikimbilie kusema kwazi kwa sababu tu yupo karibu na maji. Akiwa ametua, tazama tumbo: kwazi mzima ana kichwa na kifua cheupe, lakini tumbo ni la kahawia iliyokolea. Tumbusi wa michikichi ni mweupe kuanzia kichwani hadi tumboni, na kuzunguka jicho ana ngozi tupu ya rangi ya waridi hadi nyekundu. Akiwa angani, tazama mkia: wa kwazi mzima ni mweupe wote na mfupi, wa tumbusi ni mweusi wenye ncha nyeupe. Mabawa ya kwazi ni meusi, ya tumbusi ni meupe mbele na meusi upande wa nyuma. Wachanga wa aina zote mbili ni wa kahawia, na hapo andika tu "mchanga, sijui" bila aibu.

Kigoma tumebarikiwa kwa huyu wa pili kwa sababu ya mchikichi. Anakula nyama ya tunda lilelile tunalokamulia mawese, pamoja na kaa, samaki na mizoga. Mabonde ya Gombe yana michikichi tangu zamani watu walipoishi humo. Kwa hiyo ukiona mchikichi wenye mkungu ulioiva, weka darubini hapo kabla ya kuweka kwingine.

Kama saa 3 ndege wa ziwani hupoa. Huo ndio wakati wa kuingia msituni na mwongozaji, bondeni kuelekea maporomoko ya Kakombe. Mabonde yana msitu mnene, miteremko ya juu ina miombo, na ndege wake ni tofauti. Bondeni nenda kwa masikio. Hondohondo (Bycanistes bucinator) hulia kama mtoto mchanga anayedai kunyonya. Ukisikia hivyo tafuta mkuyu wenye matunda. Shorobo utamsikia akikoroma juu, kisha utaona wekundu wa mabawa anaporuka kutoka mti hadi mti. Na kima au mbega wakianza kupiga kelele za hofu huku wakitazama juu, acha kuwatazama wao, tazama angani kati ya matawi. Tai mwenye kishungi, Stephanoaetus coronatus, huwinda nyani wadogo na mbega, na kelele hizo ndizo zinazomtangaza.

Kwenye miombo hali ni nyingine kabisa, na wengi hukata tamaa hapo. Unaweza kutembea dakika 30 usione ndege hata mmoja, hasa kiangazi. Si kwamba hawapo. Wanatembea pamoja, aina nyingi kwa mara moja, na msafara ukifika juu yako mti mmoja unakuwa na zuwakulu, kigong'ota, chozi na vindege vya majani kwa dakika kumi, kisha kimya tena. Mlamba mweusi mwenye mkia wa panda mara nyingi yumo ndani ya msafara, akidaka wadudu wanaotimuliwa na wenzake. Ukimsikia, simama. Usimfuate ndege wa kwanza uliyemwona. Kaa na mti mmoja, wote watapita hapo. Ukiufukuzia msafara mtelemkoni utateleza, na hutaona kitu.

Sokwe wakitokea njiani fuata maelekezo ya mwongozaji, vaa barakoa na mwachie yeye aamue umbali.

Mchana kuanzia saa 6 hadi saa 9 pumzika. Joto linawanyamazisha hata ndege. Kula ndani, mlango umefungwa. Ukitaka kuoga ziwani, epuka maji yaliyotuama kwenye matete na kwenye midomo ya vijito, kwa sababu ya kichocho, na usitie mkono kwenye nyufa za mawe: nyoka wa majini wa ziwa hili, ambaye ana sumu, hujificha humo.

Saa 10 jioni rudi ufukweni, ukipe ziwa kisogo. Hondohondo wanavuka mabonde kwenda kulala, ninga wanatua vileleni, na weupe wa tumbusi unang'aa kwenye mchikichi. Baada ya jua kuzama, karibu saa 1, tembea taratibu na tochi kwenye njia ya karibu na malazi, kwa ruhusa ya ofisi. Macho mekundu yanayong'aa chini kabisa, katikati ya njia, ni ya ndege wa usiku aitwaye kirukanjia.

Daftari

Andika palepale, si jioni. Kwa ndege usiyemjua andika mambo haya kabla ya kufungua simu: ukubwa ukilinganisha na chozi, njiwa, kunguru au bata, umbo la mdomo, rangi ya miguu, alikuwa anafanya nini, alikuwa wapi, juu ya mti, majini au chini. Rangi ya mwili iwe ya mwisho, kwa sababu kivulini inadanganya. Makundi hesabu kwa kumi: hesabu kumi wa kwanza kwa uhakika, uone wanachukua nafasi gani, kisha pima mafungu mangapi yanatosha kundi zima. Andika pia saa na upepo. Majina ya Kiswahili hutofautiana kati ya Ujiji, Pemba na Mombasa, hivyo kwa rekodi unazotaka wengine wazitumie, kama zile za eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, weka na jina la kisayansi.

Usipige sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita. Ndege anaacha kiota akidhani ameingiliwa, na nyani wanajua nafasi hiyo kuliko wewe.

Jumapili

Tumia asubuhi ileile, kijito tofauti, na boti la kukodi liwafuate saa 3 au 4, kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa. Sasa mnaelekea kusini: ufuko upo kushoto, na jua linatoka upande huohuo wa milima. Kaa kulia tena, utazame ziwa. Membe na shakwe huonekana vizuri muda huu, na mara nyingi utawakuta wamekaa juu ya maboya ya nyavu au wanafuata dagaa waliopanda juu.

Upepo ukikataa

Kama Ijumaa Kibirizi kuna mawimbi yenye vichwa vyeupe, usilazimishe. Nenda Ujiji, ulale huko, na Jumamosi alfajiri ukodi mtumbwi wa kasia kuingia kwenye delta ya mto Luiche. Usitumie injini, ndege wa matete huruka mapema. Huko utapata sile-maua akitembea juu ya majani yanayoelea kwa vidole vyake virefu, kulastara aliyejikunyata, kwarara, kwera wakisuka viota, dudumizi, na mdiria mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu. Usitarajie korongo nyangumi. Huyo ni wa mabwawa ya ndani ya Malagarasi–Muyovozi, ardhi oevu ya hekta 3,250,000 iliyoorodheshwa mwaka 2000 chini ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, na safari yake inahitaji siku nyingi kuliko wikendi.

Luiche ina viboko na mamba, kwa hiyo mpiga kasia awe mvuvi wa palepale anayejua viboko wanapitia wapi kurudi majini asubuhi. Akisema njia fulani haipitiki leo, geuzeni.